Utamu wa Siku Nyingi

Kwa Kishambaa utamu ni ugonjwa, na mtamu ni mgonjwa. Mtu wa kwetu akikwambia nyumbani kwake kuna utamu, usikimbilie sahani. Jifunge kitenge uende ukampe pole. Nalitanguliza neno hili kwa sababu mjukuu wangu Zakia hakulijua, na mimi niliyepaswa kumfundisha nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu kwamba analijua. Lilitaka kumuua mtu.

Zakia ni binti wa mwanangu Abubakari. Alizaliwa Tanga mjini na huko ndiko alikokulia. Huku milimani alikuja likizo, wiki mbili tatu, akala pichesi mpaka tumbo likamsokota, akarudi kwao. Kishambaa chake kilikuwa salamu ya onga mshi na matusi mawili aliyofundishwa na watoto wa jirani. Ukimwuliza neno la nne anacheka.

Lakini mkono wake ulikuwa mkono. Akiwa na miaka kumi na mmoja nilijikata na mundu nikikata majani ya ng'ombe. Akanifunga na kipande cha khanga, na kila jioni alikifungua akainama na kunusa kidonda. Sikuwa nimemwambia anuse. Nikamwuliza unanusa nini. Akasema, "Nasikiliza kama kimeoza." Siku ile nikasema huyu ni nesi.

Mimi mwenyewe niliutaka uuguzi. Nilisoma hadi darasa la nne, na la nne la wakati ule lilikuwa na mtihani wa kukutoa jasho. Nilikuwa nikisimama nje ya zahanati ya misheni kutazama zile kofia nyeupe, nikijiuliza zimekaaje kichwani bila kamba. Baba akasema mtoto wa Kiislamu havai kofia ya misheni. Sikulia. Nilichukua jembe. Basi Zakia alipoingia chuo kikuu kusomea uuguzi, digrii ya miaka minne, hakuna mtu wa mtaa wetu ambaye hakupata habari, na wengine walizipata mara mbili.

Mwaka wake wa tatu waliletwa huku kwa mafunzo ya vitendo, wiki nane. Hospitali yenyewe siitaji jina. Iko juu ya kilima, kutoka kwangu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtu mzima. Zakia akafikia kwangu. Mwalimu wao, Madam Scholastica, mama mrefu wa kutoka Songea anayesema polepole kama anayepima maneno kwa kibaba, alipita nyumba kwa nyumba kuona wanafunzi wake wanalala wapi. Nikamkaribisha chai. Mezani Zakia alikuwa ameweka kile kijitabu chao cha ujuzi. Kila wanalolifanya kwa mgonjwa, kutundika dripu, kusafisha kidonda, kupokea mgonjwa mpya na kumwuliza historia yake, lazima mkubwa atie sahihi. Pasipo sahihi, mwaka hauhesabiki.

Madam akaniambia, "Bibi, wodini tuna wazee wengi, Kiswahili chao ni cha kubabaisha. Huyu Zakia atatusaidia kutafsiri?"

"Madam," nikamjibu, "huyu Kishambaa amekinyonya."

Zakia akanitazama. Mimi nikatazama birika. Mama yake aliyemnyonyesha ni Mdigo.

Angeweza kusema palepale kwamba bibi anatia chumvi. Hakusema. Nadhani aliogopa kuniaibisha mbele ya mgeni, na pia alipenda kuwa mtu wa kuitwa. Na kweli wakaanza kumwita. Jioni anarudi ananiuliza, bibi kizunguzungu mnasemaje, bibi kukohoa mnasemaje, anaandika kwenye daftari. Nikamfundisha mengi. Lile moja halikunijia. Ni jepesi mno, na mtu hakumbuki kufundisha neno analolitamka kila siku.

Ilikuwa wiki ya tano, Jumatano, mvua za masika zimeshika. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Zakia akaja saa kumi, amelowa mabegani, uso unang'aa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, leo nimewapiga bao hata madaktari." Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka. "Asubuhi kaletwa mama mmoja wa makamo yako, Mama Nassoro. Ana kidonda mguuni, miezi mitatu hakiponi. Mwanawe kamfikisha tu, akashuka Soni kuuza kabichi zake zisimwozee. Daktari anamwuliza yule mama, haelewani naye. Nikaitwa."

"Ukaitwa wewe."

"Mimi. Nikamwuliza, mama unasumbuliwa na nini? Akasema, mie ni mtamu wa siku nyingi. Nikamwuliza, unatumia dawa yoyote? Akasema, dawa ya utamu nimeiacha nyumbani, mwanangu, utamu huu umenimaliza." Akapiga paja. "Bibi, si unaona? Kisukari. Wazee wana jina lao la kisukari, wanakiita utamu. Na kidonda kisichopona ni dalili yake, tumesoma. Daktari alinipa mkono."

Nitasema kweli: kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mapajani, maharage yakatawanyika. Nikamwambia, "Zakia, wewe ni Mdigo wa kutupwa."

Naye akacheka, hajui anachekea nini.

"Halafu mkamfanya nini?" nikamwuliza, naokota maharage.

"Daktari akamwandikia vidonge vya kushusha sukari, badala ya vile alivyosahau. Nikampa mimi mwenyewe saa nane kabla sijatoka. Sista wa zamu ya asubuhi alisimama pembeni akatia sahihi."

"Mlimpima sukari?"

"Stripi za kupimia zimekwisha wodini. Zinaletwa kesho."

"Alikuwa amekula?"

"Tangu jana hajala, anasema hana hamu. Mwanawe alimwachia chupa ya chai, lakini ilikuwa na sukari, nikaimwaga."

Mkono wangu ukasimama juu ya maharage. Dada yangu Aisha aliishi na kisukari miaka kumi na tisa. Siku moja alimeza vile vidonge asubuhi, akaenda shamba bila kula. Tulimkuta ameketi kwenye tuta, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa ndoo, anamwita mama yetu, na mama yetu alikwisha kufa zamani. Na Aisha sukari alikuwa nayo ya kushusha. Huyu wa hospitalini angeitoa wapi?

"Zakia," nikasema, "utamu ni ugonjwa."

"Ndiyo, kisukari."

"Si kisukari. Ugonjwa wowote. Mafua ni utamu. Jino ni utamu. Mtamu ni mgonjwa. Yule mama alikwambia yeye ni mgonjwa wa siku nyingi, na dawa ya ugonjwa wake kaiacha nyumbani. Labda ni dawa ya kupaka. Labda ni majani."

Alikuwa ameshika kiatu kimoja, anataka kukiweka ukutani kikauke. Aliendelea kukishika. Rangi ilimtoka usoni nikiiona inavyotoka.

"Labda anacho kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Kidonda hakiponi, bibi."

"Ulimwuliza kidonda kimetoka wapi?"

Akakiweka kile kiatu chini.

"Mimi ni mtamu wa magoti mwaka wa sita huu. Na mimi utanipa vidonge?"

"Bibi, nikisema nimekwisha. Nimempa dawa mtu asiye na ugonjwa. Watanifukuza. Ni mwaka wa tatu, bibi."

Na hapa nataka kuandika jambo ambalo sikumwambia yeyote siku ile. Nilinyamaza. Kwa muda wa kuokota maharage gao moja nilinyamaza, na moyoni nilikuwa nasema: kidonge kimoja tu, pengine hakitamdhuru, na nani atajua, mama wa watu mzee kutoka milima ya mbali, mwenye kidonda? Niliona uso wa Madam Scholastica akinikumbusha birika langu. Niliona majirani niliowapa habari mara mbili. Niliogopa aibu, na hofu ile ilikuwa na nguvu kama mtu aliyenishika shingo. Kisha nikamwona Aisha kwenye tuta.

"Piga simu," nikasema.

Mtandao kwetu unapatikana penye jiwe nyuma ya choo. Zakia akapanda juu ya jiwe na mvua yake, vidole havishiki vizuri. Simu ya Madam haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akampigia mwenzake wa zamu ya jioni. Simu inaita haipokelewi, kwa maana wakiwa wodini simu za wanafunzi hufungiwa kabatini. Namba nyingine ya wodi hakuwa nayo. Akashuka akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia utotoni akivunja kikombe.

Nikamwita Zuberi, jirani yangu mwenye bodaboda.

"Bibi Mwajuma," akasema Zuberi akitoa turubai juu ya pikipiki, "si ulisema hupandi kitu hiki mpaka upande jeneza?"

"Washa."

"Watu wawili na utelezi huu ni mishikaki, bibi. Polisi..."

"Zuberi, kuna mtu anakufa. Washa."

Akawasha. Zakia nyuma, mimi katikati, khanga nimejifunga kichwani mpaka machoni. Barabara ilikuwa uji wa udongo mwekundu. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na chini kabisa unaona mashamba ya watu kama viraka vya nguo. Sikutazama bonde. Nilikuwa nahesabu. Saa nane kameza. Saa tisa. Saa kumi. Sasa saa kumi na moja kasoro. Aisha alimeza saa ngapi? Tulimkuta saa ngapi? Mambo ya mwaka sabini nayakumbuka mpaka rangi ya ndoo, lakini hilo halikuja. Mgongoni mwangu nilisikia meno ya Zakia yakigongana, na si kwa baridi.

Kwenye kona ya mwisho tairi likateleza, pikipiki ikalala taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Hatukuumia. Zuberi akasema sukumeni. Nikasema wewe sukuma, sisi tunakwenda. Tukapanda kilima kile kwa miguu, mimi na magoti yangu, Zakia akinivuta mkono. Nikamwambia niache, kimbia. Akasema, "Siwezi kuingia peke yangu, bibi. Naogopa." Nami nilikuwa naogopa. Tukaingia wawili.

Wodini palikuwa kimya, kimya cha watu waliolala mchana. Sista Eliza, nesi wa zamu ya jioni, alikuwa mezani anaandika. Ni mtu wa Mbeya, mgeni kwetu kama Zakia.

"Saa ya kutazama wagonjwa bado, bibi," akasema bila kuinua kichwa.

Nikafungua mdomo niseme mimi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba kosa ni langu, mtoto ametumwa na bibi. Lakini Zakia alikwisha kupita mbele yangu, matope mpaka magotini.

"Sista, mgonjwa wa kitanda cha tisa hana kisukari. Alisema ni mgonjwa, mimi nikasikia kisukari. Sijui Kishambaa. Nilimpa kidonge saa nane na hajala."

Sista Eliza hakupiga kelele. Alikwisha kusimama. "Nilimpita saa kumi, nikadhani amesinzia," akasema, na nadhani alijiambia mwenyewe.

Hakuwa amesinzia. Mto umelowa, gauni limelowa. Macho yamefunguka nusu na hayaoni, vidole vinachuna blanketi kama mtu anayechuma mboga. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi na unateleza. Nikamsemesha Kishambaa, nikamwita Mama Nassoro. Akaniita Shamsa. Sijui Shamsa ni nani. Nilijua tu anawaita wa mbali, kama Aisha.

Mwanafunzi mwingine akatumwa mbio wodi ya wazazi kuomba stripi. Damu tone moja kidoleni. Kile kimashine kikaonyesha moja nukta tisa, na ya mtu mzima haishuki nne, nikamwona Sista Eliza anavuta pumzi.

"Mshike mkono, unyooshe," akamwambia Zakia. "Tafuta mshipa."

"Sista, natetemeka."

"Tetemeka, lakini shika."

Mishipa ya wazee imejificha, nayo mikono ile imelima miaka sitini. Mara ya kwanza ulikwepa. Zakia akatoa sauti kama ya kitoto. Nikaketi sakafuni, nikawa nasoma kila dua niliyoijua, nikikosea na kurudia. Mara ya pili damu ikaingia kwenye mrija. Sista akasukuma maji ya sukari polepole, polepole, bomba zima kubwa, kisha akatundika dripu. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo, hata uchungu wa mtoto wangu wa kwanza haukuwa mrefu vile. Mvua ilikuwa ikipiga bati, mgonjwa wa kitanda cha kumi akaniuliza kuna nini.

Vidole vikaacha kuchuna blanketi. Macho yakazunguka darini, yakashuka, yakamwona Zakia.

"Chai yangu iko wapi?" akasema Mama Nassoro.

Zakia akakaa chini kando yangu akajifunika uso na sketi yake ya sare yenye matope.

Madam Scholastica alifika jioni hiyo. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji akiwa njiani kutoka kituo kingine. Alisikiliza wote, Zakia, Sista na daktari, kila mmoja peke yake. Kisha akanijia kwenye benchi.

"Bibi. Uliniambia amekinyonya."

"Nilikwambia, Madam."

"Na?"

"Mama yake ni Mdigo."

Hakucheka. Mimi miaka yangu yote sijawahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu niliyemzidi umri, lakini siku ile niliinamisha, nikatazama viatu vyake.

Zakia hakufukuzwa. Aliandikishwa maelezo ya kosa kwa mkono wake, kurasa tatu, na sahihi zote za wodi ile zikafutwa. Wiki zile akazirudia mwaka uliofuata wakati wenzake wamekwenda mbele. Daktari naye aliitwa, ya kwake siyajui. Jambo la kwanza alilopewa Zakia kesho yake asubuhi lilikuwa kurudi kitanda cha tisa na kuchukua historia upya, Madam amesimama nyuma yake, na mimi nimeitwa kutafsiri. Nilimwona mlangoni amesimama, mkono umeshika mwimo. Alikuwa anaogopa kuliko jana.

Mama Nassoro alikuwa ameketi, anakunywa uji. Nassoro mwenyewe alikuwa pembeni, kaambiwa yote, uso umemvimba kwa hasira, na ni haki yake. Mama akamwangalia Zakia kutoka juu mpaka chini.

"Haya mwanangu," akasema, "leo mie ni mtamu au ni mchungu?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Hata Nassoro midomo ilimcheza. Zakia hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari, akauliza: kidonda hiki kimetoka wapi? Jembe, akajibiwa. Dawa uliyoiacha nyumbani ni ya nini, inafananaje, nani alikupa? Ya kupaka, nyeupe, kopo la bluu. Kila jibu alilisoma tena kwa sauti, akanigeukia nikatafsiri, akamgeukia mama akakubali. Kisha akainama juu ya mguu ule, akanusa.

Sasa ni nesi kamili, amepangiwa mkoa wa mbali wenye lugha yake ambayo mimi wala yeye hatuijui. Huko amewaambia siku ya kwanza kwamba haijui. Hunipigia Ijumaa jioni, naye anajua asinipigie saa za kazi. Maana simu yake ikilia saa nane ya mchana, kabla sijapokea, huwa nimekwisha kuanza kuhesabu saa.